Hivi ni mimi tu, au BL za Kithai zimeniharibia drama za Kikorea?

bibi_remoti:

Wadau habari za jioni. Nitaandika ndefu kidogo kwa hiyo mwenye haraka apite tu, sitanuna.

Mi ni mtu wa Kikorea tangu enzi za Jumong, ile ya kupeleka flashi libreri ya mtaani unatoa buku unajaziwa, unafika nyumbani episodi ya saba haifunguki, unarudi na hasira zako yule kaka anakwambia flashi yako ina virusi dada. Zile episodi 81 nilizimaliza nikiwa kidato cha pili, hesabu nikapata F na mpaka leo sijutii. Baada ya hapo nikahamia kwenye za mapenzi na sikutoka huko miaka kumi. Nilijua kusema aigoo kabla sijajua kupika pilau, kwa hiyo asije mtu hapa akaniona mgeni.

Sasa 2020 vyuo vimefungwa kwa corona niko nyumbani nimemaliza kila kitu, rafiki yangu akanitumia linki ya kitu cha Kithai kinaitwa 2gether. Nikamuuliza mbona hawa wote wavulana, mdada yuko wapi, akanijibu we angalia tu. Nikaangalia. Siku hiyo nililala saa kumi na moja alfajiri, na bando la mama lilivyoisha nikasema simu imejiapdeti yenyewe.

Kwa wasiojua, BL ni kifupi cha Boys' Love, tamthilia ambazo wapendanao ni wanaume wawili, Wathai wanaziita za wai, kwa ile herufi Y ya neno yaoi la Wajapani. Siku hizi zipo kila nchi, Japani, Korea, Taiwan, Ufilipino, lakini kiwanda chenyewe kiko Bangkok.

Swala langu ni hili. Wiki iliyopita nikasema nirudi nyumbani kwetu Korea, nikafungua moja mpya, dakika ya kumi tu nikawa nimeshajua yote. Mkaka mrefu, koti refu, kakunja uso utadhani anadaiwa. Mdada kachelewa kazini, mkate mdomoni, kamwagia mkaka kahawa. Nikajua nani atavutwa mkono barabarani, nani atabebwa mgongoni akilewa soju, nani ataitwa hotelini na mama mtu apewe bahasha ya hela amuache mwanangu, na nikajua episodi ya 15 lazima waachane halafu ya 16 mmoja aende ng'ambo mwaka mzima arudi siku theluji inaanguka. Nikafunga. Nilifika episodi ya nne tu, mimi niliyekuwa nikimaliza 16 kwa siku mbili!

Nimekaa nikajiuliza nini kimebadilika na nadhani nimepata jibu, mnisahihishe. Kwenye Kikorea ukishajua nani mwanaume nani mwanamke umeshajua na nani atafanya nini. Kwenye BL nzuri hujui. Chukua Bad Buddy, Pat na Pran, nyumba zimetazamana dirisha kwa dirisha, wazazi maadui wa biashara, watoto tangu wanatambaa wanafundishwa kushindana, mmoja injinia mwingine usanifu majengo. Yule anayekimbia leo kesho ndo anakimbiza. Anayebembeleza leo kesho ndo ananuna. Ile episodi ya tano juu ya paa, baada ya yote yale Pran anageuka anaondoka zake, na mi niko ofisini! Maana ilikuwa inaingia Ijumaa saa mbili na nusu usiku ya Bangkok, huku kwetu saa kumi na nusu jioni, YouTube, sehemu nne nne, najifanya napanga mafaili kumbe machozi yanadondokea kwenye kibodi.

Na mwisho wake ndo ulionimaliza kabisa. Hakuna mzazi aliyesimama akasema tumekubali wanangu njooni niwakumbatie. Kila mtu anajua, na kila mtu anajifanya hajui, maisha yanaendelea. Mi nikasema huyu aliyeandika hii kakulia kwa shangazi yangu wa Tanga, maana kwetu mambo mazito yote yanaishi hivyohivyo, yanafumbiwa macho mpaka yanazoeleka.

Ila sitaki mnione nimelogwa, na zenyewe zina ujinga wake. Kwanini kila mtu anasoma uinjinia? Thailand nzima hakuna anayesomea uhasibu? Na matangazo, watu wamegombana wanalia, katikati ya kilio mmoja anatoa pakiti ya chipsi anaigeuza jina lionekane vizuri kwenye kamera, anakula, ndo wanaendelea kulia. Na kuna kitu kinaniudhi zaidi ya vyote, zile za zamani zamani mmoja lazima aitwe mke. "Huyu ni mke wangu msimguse." Jamani, nimekimbia nini sasa?

Kwa hiyo nauliza, kuna mwingine yamemkuta? Kikorea kinarudi au ndo basi? Na kama kuna za nchi nyingine za kunituliza, nitajieni, ila isiwe ya chuo kikuu tafadhali.

MzeeWaHanbok:

Mdogo wangu umekula ubwabwa wa harusi miaka kumi halafu unalalamika kwamba wali wote una ladha moja. Kosa si la Korea, kosa ni lako, ulikuwa unachagua zile za mtoto wa tajiri peke yake.

Uliona My Mister? Ya 2018, wameigiza IU na marehemu Lee Sun-kyun. Episodi 16 na hakuna aliyevutwa mkono wala kubebwa mgongoni kimapenzi. Binti kamtegea injinia wa kazini kwao simu, anamsikiliza kutwa kwenye spika za masikioni ili amharibie kazi, mwisho anamjua mpaka anavyopumua akipanda ngazi amechoka. Mapenzi hayatajwi. Mi nina miaka 47 nina wake na madeni, ile tamthilia ilinikalisha chini.

Na ile ya kisiwa cha Jeju, Korea, ya mwaka 2025, When Life Gives You Tangerines, waliileta episodi nne kila Ijumaa mwezi wa tatu mzima, unamuona binti wa mama mzamiaji anayetaka kuwa mshairi na kijana muuza kabichi asiyejua kuongea. Hapo unajua kabisa nani mwanaume nani mwanamke na bado hujui kitakachotokea. Kwa hiyo hoja yako ya jinsia mi naiona ina tundu. Tatizo ni uandishi mvivu, na uvivu hauna jinsia.

Halafu wewe mwenyewe umekiri huko kwa Wathai kuna mke na mume na mainjinia. Sasa hiyo si fomula ileile imevaa suruali mbili?

bibi_remoti:

Mzee umenipiga penye kidonda, "fomula imevaa suruali mbili" naenda nayo kaburini. My Mister niliianza nikaiacha episodi ya pili kwa sababu rangi zake ni za kijivu mno nikadhani televisheni imeharibika. Nitarudi.

Lakini nikutetee hoja yangu kidogo. Sisemi BL zote. Nasema zile nzuri, zikishindwa kuegemea mwanaume-afanye-hivi mwanamke-afanye-vile zinalazimika kutafuta kitu kingine, na hicho kitu kingine mara nyingi ni macho. Watu wanaangaliana, kimya, dakika nzima. Kikorea cha mtoto wa tajiri hakina muda wa kuangaliana, mama mkwe yuko njiani na bahasha.

dada_wa_Muscat:

Assalam alaykum wapenzi. Mie niko Oman mwaka wa sita, kazini kwetu tumejaa Wafilipino, na hao ndio walionitia kwenye haya mambo. Nikasikia wanacheka chumba cha mapumziko kila siku saa ileile nikasema hebu na mie nione. Ikawa Gameboys, ya Manila, ya 2020 hiyo hiyo uliyosema bibi.

Nawaambia hiyo mkaione kwa sababu yake nyengine kabisa. Ilitengenezwa watu wamefungiwa ndani, waigizaji kila mmoja kwao, tamthilia karibu yote ni skrini, simu za video na meseji. Cairo mcheza gemu anashindwa na Gavreel laivu mbele ya watu, anataka kumjua ni nani huyu, ndio inaanzia hapo. Unakaa unangoja vile vidoti vya mtu anaandika... anaandika... kaacha. Mie wakati huo mchumba wangu yuko Unguja, safari za ndege hakuna, sisi nasi ni hivyo hivyo, simu inakatika umesema neno la maana hujui kalisikia ama hakulisikia. Nililia kwa yangu si kwa yao.

Sasa hilo la mke na mume, skiza nikwambie linatoka wapi. Hizi hadithi hazikuanzia Thailand. Ni Japani, miaka ya 1970, kwenye majarida ya katuni ya wasichana, waliozichora ni wanawake kina Keiko Takemiya na Moto Hagio, na wasomaji ni wasichana. Baadae ikakaa kanuni kwamba katika wawili mmoja ni wa kuanza na mmoja ni wa kuanzwa, mmoja mrefu mmoja mfupi, mmoja mkali mmoja analia. Riwaya za mtandaoni za Thailand zikarithi kanuni ile, na tamthilia nyingi zimetoka kwenye riwaya hizo, na waandishi wake wengi ni wanawake vilevile. Kwa hiyo usishangae yule mmoja kuitwa mke, aliyemuandika alikuwa anajiandika nafsi yake kwa mlango wa nyuma. Mie silipendi neno lenyewe lakini nikilijua asili yake halinichomi sana.

Kinachonichoma mie ni zile za mwanzo ambazo mtu anamlazimisha mwenziwe halafu baadae wanapendana. TharnType ya 2019 watu waliisifu, mie sikuweza, nilizima. Hilo halina asili wala udhuru.

Mpita_Njia:

Hivi mnaona sawa kabisa kujadili vitu kama hivi? Maadili yetu yako wapi. Bando linawaponza vijana wa siku hizi.

chumvi_kidogo:

Mkuu Mpita_Njia, jina la mada umelisoma, ukabonyeza, ukasoma aya zote mpaka huku chini, ukaandika. Karibu kiti. Asiyetaka haangalii, remoti ina kitufe, tusiharibu mada ya watu.

Bibi mi nakuletea China, na nitakuletea na mama yangu.

Mi nilikulia TBC, mnaikumbuka ile ya Doudou na mama wakwe zake, ya 2011, Wachina wanaongea Kiswahili? Xi Jinping alipokuja Dar 2013 mpaka akaitaja kwenye hotuba yake. Kwa mama yangu mzazi hiyo ndo ilikuwa tamthilia ya mwisho duniani, baada ya hapo kila kitu takataka. Sasa mwaka juzi niko likizo nyumbani nimeweka The Untamed sebuleni kwenye skrini kubwa, nikijua mama hataangalia. Akaja na mchicha wake anachambua. Episodi ya tatu kaacha kuchambua.

Kwa wasiojua, ni ya 2019, episodi 50, wameigiza Xiao Zhan na Wang Yibo, mambo ya koo na mapanga na uchawi. Riwaya yake ni ya mapenzi ya wanaume wawili waziwazi, lakini televisheni ya China hairuhusu, kwa hiyo wakageuza wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Hakuna busu. Hakuna kushikana mkono kwa maana hiyo. Hakuna hata neno. Na hapo ndo penye utamu, maana walichonyimwa kusema wamekipitisha kwingine kote. Lan Wangji anatoka kwenye ukoo wenye sheria elfu tatu zimechongwa kwenye mwamba, pombe marufuku, kukimbia marufuku, kucheka ovyo marufuku, na Wei Wuxian kaingia getini siku ya kwanza na mitungi miwili ya pombe. Huyu kafa, kapotea miaka 16, karudi na jina la mtu mwingine na uso kaufunika barakoa, kapiga filimbi ya mwanzi vibaya vibaya, wimbo ambao watu wawili tu duniani wanaujua, na yule mwenzake kasimama nyuma yake kamshika kifundo cha mkono. Bibi umesema umechoka watu kuvutwa mkono. Nenda kaangalie huu mkono halafu uje hapa.

Basi mama yangu, mtu wa jumuiya, mwalimu mstaafu, kimya episodi kumi na kitu. Siku moja anakula ananiambia hivi, "Yule wa nyeupe anampenda sana yule wa nyeusi." Nikameza tonge nikamwambia mama ni marafiki. Akaniangalia. "Marafiki. Sawa. Baba yako na mimi tulikuwa marafiki." Akaendelea kula. Hatujawahi kuongelea tena na episodi 50 kazimaliza, akaniuliza hakuna nyingine?

Na nyingine ndo shida kupata. Wachina mwaka 2016 waliitoa hewani Addicted kabla haijaisha, 2018 Guardian ikaondolewa kwa muda, halafu 2021 serikali ikakaza kweli, mpaka wanaume wenye sura laini wakakatazwa kwenye televisheni, na nyingi ya zile zilizokwisha kupigwa kutoka kwenye riwaya za aina hii zikakaa kabatini, Immortality watu wameisubiri mpaka wamezeeka. Kwa hiyo bibi, hoja yako ya macho mi naiunga mkono ila naiongezea kitu. Macho hayaji kwa sababu ni wanaume wawili. Yanakuja pale ambapo mdomo umefungwa. My Mister ya Mzee hapo juu nayo mdomo umefungwa. Tangerines yule kijana wa kabichi hajui kuongea. Angalieni zote mlizozitaja humu.

MzeeWaHanbok:

Chumvi hapo umemaliza. Na msalimie mama.

mwanaKisauni:

Mambo vipi kutoka Mombasa. Hino mada imenikuta kwa matatu nimepitiliza stage kwa ajili yenu.

Dada uliuliza isiyokuwa ya chuo. Nenda Japani uangalie Cherry Magic ya 2020, ni episodi 12 na kila moja haimalizi nusu saa. Jamaa anaitwa Adachi, mfanyakazi wa ofisini wa kawaida kabisa, shati limekunjika, chakula chake ni cha duka. Amefikisha miaka 30 hajawahi kuwa na mtu na siku ya bathdei anaamka akimgusa mtu anasikia anachowaza. Basi lifti imejaa, amebanana na Kurosawa, yule mrembo wa kampuni ambaye kila mtu amtaka, na anachokisikia kichwani mwa Kurosawa ni jina lake yeye. Miaka saba mwenzake ampenda kimyakimya. Wallahi mimi hapo nilisimamisha nikaenda kunywa maji.

Yaliyo mazuri humo ni kwamba Adachi hawezi kuamini. Si kwamba hapendi, haamini kama kuna mtu anaweza kumuona yeye. Nani hajawahi kujihisi hivyo? Na ofisi yenyewe ni ya kweli, ripoti za usiku, wala hakuna aliyerithi kampuni. Ila mwisho wao nimewasamehe kwa tabu, wako ndani ya lifti wanakaribiana... milango inafungwa. Kwisha! Sisi nje kama mabawabu.

Wathai nao wameitengeneza yao, ilianza mwisho wa 2023, waigizaji ni Tay na New. Ni tamu pia ila ni ndefu, kila episodi ni karibu saa nzima na chipsi zako zimo.

Sasa mimi ntaka niseme moja mtanipiga. Hizi kapo zinaniboesha. Kampuni za Thailand haziuzi tamthilia tena, zauza watu wawili wawili. Wanaungana majina, OhmNanon, EarthMix, MileApo, halafu ni tamasha la mashabiki, tangazo la sabuni, tangazo la simu, miaka mitatu hao hao wawili pamoja, na sisi tunaangalia video polepole tukitafuta kama alimtazama kweli ama ni skripti. Mtoto wa watu akionekana anakula na mtu mwingine mtandao unawaka moto. Yeye ni muigizaji! Amemaliza kazi, aende kwao!

bibi_remoti:

mwanaKisauni sikupigi, najipiga mwenyewe. Nilishawahi kukesha nikilinganisha pete za vidole kwenye picha mbili, mimi, mtu mzima, nina ajira. Asubuhi nikajiona mjinga kuliko wale wanaotafuta namba za bahati nasibu kwenye ndoto.

Na hapo nimeona kitu. Hao hao mashabiki wanaosema wanapenda mapenzi ya wanaume wawili, muigizaji akija siku akasema kweli mimi ndivyo nilivyo na mwenzangu siyo huyu wa kwenye tangazo, ndo wa kwanza kumchukia. Wanapenda kapo, hawampendi mtu. Wakati kwao huko walikuwepo watu halisi waliokuwa wakisubiri sheria. Taiwan walipitisha ndoa za jinsia moja 2019, Thailand sheria yao imeanza kazi tarehe 23 Januari 2025, na nilipoona picha za foleni ya watu Bangkok siku ile, wazee wengine wamekaa pamoja miaka ishirini na zaidi, nikajisikia aibu kidogo kwa zile pete.

chumvi_kidogo:

Afadhali ya kwako ya pete. Kule China Februari 2020 mashabiki wa Xiao Zhan walichukizwa na hadithi moja iliyoandikwa na shabiki kumhusu, wakaripoti serikalini, mtandao mzima wa hadithi za mashabiki ukafungiwa nchi nzima mpaka leo. Kisa hadithi moja. Ushabiki ni kama pilipili.

mtu_wa_Semista:

Samahani naingilia nina mtihani kesho lakini siwezi kupita bila kusema. Dada ulisema Korea imekuchosha na hutaki chuo, mi nakuletea ya Kikorea NA ya chuo, Semantic Error ya 2022, episodi 8, kila moja kama dakika 25, yaani ukianza saa mbili usiku saa tano na nusu umemaliza, bando la GB moja ukiweka ubora wa chini linatosha na chenji inabaki.

Kisa chake kitakuuma. Kazi ya kikundi. Wenzake hawajafanya chochote, Sang-woo kafanya yote peke yake, akafuta majina yao kwenye slaidi akapresenti. Katika waliofutwa kuna mmoja wa mwaka wa mwisho, Jae-young, amefeli somo, hahitimu, safari yake ya nje imekufa. Anakuja kumtafuta huyo Sang-woo ni nani, kwa kisasi. Mi sijali wanapendana wala hawapendani, kwa mara ya kwanza kwenye maisha yangu nimeona mtu kafuta majina ya wavivu kwenye kazi ya kikundi. Nilipiga makofi peke yangu hosteli saa sita usiku.

dada_wa_Muscat:

😂😂 Mwanangu soma kwanza, hao hawahami.

Bibi na mie nikuongezee moja ya Kithai isiyo ya chuo kisha nilale, kesho zamu ya asubuhi. A Tale of Thousand Stars, ya 2021, Earth na Mix. Kijana wa tajiri wa Bangkok, mtoto wa jenerali, kapandikizwa moyo, na moyo wenyewe ni wa mwalimu wa kujitolea aliyefariki. Anasoma shajara yake, anakwenda kule mlimani kaskazini kufundisha watoto mahali pake. Hajui kufua, hajui kuteka maji, na watoto wanamcheka. Bwana misitu wa pale kijijini, Phupha, mkali, hana maneno. Sasa suali ambalo tamthilia inaliuliza episodi zote kumi, huu moyo unaompenda yule bwana ni wa nani, wangu ama wa marehemu? Mie baba yangu alikuwa mwalimu kapangiwa Pemba shamba miaka hiyo, nilipoona yule kijana kabeba ndoo ya maji inamwagika njia nzima nikamkumbuka alivyokuwa akisimulia.

bibi_remoti:

Sawa nimeandika zote kwenye karatasi. Naanza na Cherry Magic leo usiku kwa sababu ni fupi, The Untamed nitaiweka likizo na nitamuita mama yangu aje na mchicha nione. My Mister Mzee nakuahidi mpaka mwisho wa mwezi, ila nikiona kijivu kimezidi nitakupigia kelele humuhumu.

Hoja yangu nimeibadilisha kidogo, Chumvi umenikoroga kichwa. Nilikuwa nadhani nimechoka wanaume na wanawake, kumbe nimechoka watu wanaosema kila kitu. Bado nasema lakini, mke wangu msimguse ni ujinga na itabaki kuwa ujinga.

Mpita_Njia:

Hiyo ya mapanga na koo, ipo iliyotafsiriwa Kiswahili?

chumvi_kidogo:

Mi nimeiona ya sabutaito tu mkuu. Episodi mbili za kwanza hutaelewa kitu, majina yanafanana na kila mtu ana nywele ndefu, vumilia hadi ya tatu.

Mpita_Njia:

Sawa. Naulizia kwa ajili ya mdogo wangu.

MzeeWaHanbok:

Mwambie mdogo wako anunue bando la mwezi.